Ritifaa

Ijumaa programu ilipita majaribio yote,
mia mbili na kumi na nne, kijani tupu kama sukuma ya Marikiti,
tukaagiza chapati maharagwe juu ghorofani,
Ngong Road, juu ya duka la magodoro,
na Kiprono akaandika ubaoni: TUMEMALIZA,
akapigia mstari, kalamu ikaisha wino.

Mimi ndiye mpimaji.
Wenzangu hulipwa kujenga, mimi hulipwa kutoamini.
Nilikuwa nimejaribu sifuri. Nimejaribu hasi.
Nimejaribu mkopo wa milioni na mkopo wa shilingi moja,
mwanachama aliyezaliwa tarehe ishirini na tisa Februari,
mwanachama aliyebonyeza LIPA mara tisa kwa hasira.

Jumatatu, saa mbili na dakika tano, simu.
Kaunta ya chama cha akiba, wauza nyama wa Burma.
"Kuna mama hapa, mashine imemkataa."
Mama gani?
"Ng'endo."
Mwandike upya.
"Nimemwandika mara nne. Nikifika kwa jina, inazima.
Na foleni imefika mlangoni."

Nikafungua daftari la watu wangu wa kubuni:
John Jaribu. Mary Jaribu. Jaribu Jaribu.
Watu safi, wasio na kwao,
hakuna hata mmoja aliyetoka Murang'a,
hakuna hata mmoja aliyewahi kuuza ng'ombe.

Ile alama ndogo inayoning'inia juu ya mstari,
mwalimu wa darasa la tatu aliiita ritifaa
na kutuchapa tulipoisahau,
mashine yetu iliiona ikadhani sentensi imekwisha.
Ikafunga mlango katikati ya jina:
Ng ndani,
endo nje kwenye baridi ya Julai
na kitambulisho mkononi.
Mwiba mdogo, na mguu wote umeota tende.

Zamani, enzi za mkurugenzi Vitalis, tulifanya kazi kama maporomoko:
mahitaji juu, kisha michoro, kisha ujenzi,
na majaribio chini kabisa, kama mkia,
na fedha zilipopungua
mkia ndio uliokatwa.
Siku hizi tunakimbia mbio za wiki mbili mbili.
Kila asubuhi tunasimama duara, chai mkononi:
jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kimekukwamisha?
Asubuhi mia moja na zaidi tumesimama hivyo
na hakuna aliyesema: jina.

Hata mimi.
Mimi Awuor Ong'ayo,
ambaye kadi yake ya kazi imeandikwa Ongayo
tangu siku ya kwanza, na nilitabasamu nikaivaa,
kwa sababu benki iliandika hivyo, na kampuni ya simu,
na chuo, na mtu huchoka kusahihisha vidirisha.

Kiprono alitaka kurekebisha papo hapo.
Nikamwambia ngoja, jaribio kwanza.
Nikaandika: Ng'endo afungue akaunti.
Likafeli, jekundu, na nikafurahi kuliona jekundu,
maana jaribio lisilowahi kufeli
halijakuambia chochote.
Ndipo akagusa mistari mitatu, mitatu tu,
stima ikapotea, jenereta ikakohoa, tukaanza tena.

Kijani.
Mia mbili na kumi na tano.

Nikapiga kaunta. "Ameingia," kijana akasema,
"jina lote, na kile kimkia chake."
Nyuma yake nikasikia sauti ya mama, kavu, bila haraka:
"Waulize, kuna wengine waliowakataa?"

Ubaoni neno la Ijumaa lilikuwa bado lipo.
Nikalifuta kwa kiganja.

Mwambie sijui, nikasema.
Mwambie bado sijawajaribu.